Ada ya Dipu ya Tulwet

Tulwet, juu ya Salgaa
11 Machi 2007

Kimaiyo wangu,

Pokea salamu za nyumba hii, na za ng'ombe pia, maana wao ndio wanaonisikiliza siku hizi. Mimi mzima. Goti la kushoto hunikumbusha umri kila nikishuka mtoni, lakini halijanishinda. Mvua bado, vumbi la barabara kuu linapanda mpaka jikoni. Chelel amezaa ndama dume, kwa hivyo usinipongeze sana. Maziwa yake lakini ni yale yale. Nimeyagandisha kwenye vibuyu, mursik tele, na hakuna wa kunywa. Kaburi la baba yako nimelifyeka.

Barua hii nampa Jonah, yule dereva wa trela anayelala Salgaa kila akija huko kwenu Juba. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu mtu husema "sisi wazima," salio linakwisha, na mimi hata sijakuuliza unakula nini.

Sasa jambo lenyewe. Unaukumbuka udongo mweupe wa kilima chetu, ule mliokuwa mkijipaka usoni mkawatishe watoto wa jirani yetu Nasimiyu? Kumbe una bei. Wamekuja watu wa kampuni kutoka Nairobi, wakachimba vishimo, wakatia udongo kwenye mifuko, wakarudi wakitabasamu. Wanasema hutumika kuchujia mafuta ya kupikia na kuchanganyia rangi. Wanataka kukikodi kilima chote, na kila mwezi watalipa kikundi chetu cha dipu ya kuogeshea ng'ombe, kwa kuwa ndicho kikundi pekee Tulwet chenye karatasi za serikali. Shida ni upande wa mashariki. Uko kwenye hati ya marehemu baba yako, na mrithi ni wewe. Bila neno lako lililoandikwa hakuna mkataba.

Mimi nataka ukubali, na nitakuambia sababu bila kuzunguka. Tangu baba yako afariki mimi ndiye mwenyekiti wa dipu, na nimechoka. Kila Alhamisi nasimama pale mlangoni kudai ada ya kila ng'ombe kama askari wa kanjo anayedai ushuru sokoni. Huyu analipa nusu, yule anasema dawa ni maji matupu, mwingine ananiuliza mbele za watu kama gauni langu jipya limetoka kwenye ada. Nasimiyu ndiye mweka hazina, naye ameitwa majina nisiyoweza kuyaandika, ingawa huyajibu yote. Udongo ukianza kulipa, udongo utanunua dawa ya kupe. Hakuna atakayedaiwa, hakuna atakayenitukana. Nipe uzee wa amani.

Unarudi lini?

Mimi Senge wako,
Chesang


Juba
22 Aprili 2007

Senge mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli na vitunguu, nikaisoma nimesimama hapo hapo kando ya trela. Wenzangu Wakenya wananicheka nikisema Senge. Wao wana shangazi tu, nami nawahurumia.

Mimi mzima, ila joto la huku lingekutoa machozi. Bado natengeneza jenereta kwenye hoteli iliyo kando ya Nile. Hoteli yenyewe ni mahema, Senge. Mtu analala kwenye hema usiku mmoja kwa pesa ambazo kwetu zingelipa karo ya muhula, na asubuhi anasema asante. Vita vimekwisha, mafuta yanatoka ardhini, na kila mwenye mfuko wa kujaza amekuja kuujaza, mimi nikiwemo. Magari meupe makubwa yanapishana kwenye barabara ambazo hata punda wetu angezikataa. Sijawahi kuona pesa nyingi hivi zikitembea juani.

Jambo moja tu limenishangaza. Mto mkubwa unapita hapa, udongo ni mweusi, lakini mayai yanatoka Uganda, nyanya zinatoka Uganda, na viazi vinavyokaangwa hotelini ni vile unavyoviona wewe vikipumzika Salgaa kwenye malori. Nilimwuliza mpishi kwa nini hakuna anayepanda hata sukuma wiki. Aliniangalia kama mshamba.

Kuhusu kilima, jibu langu ni ndiyo. Karatasi yenye sahihi yangu imo humu ndani. Nimeona mali ya ardhini inavyofanya, nataka na sisi tupate kidogo. Umesimama mlangoni mwa ile dipu miaka ya kutosha. Keti sasa.

Msalimie Nasimiyu. Mwambie nimekumbuka chapati zake. Na huyo ndama dume usimwuze mpaka aone nyasi za mvua.

Kimaiyo


Tulwet
2 Julai 2007

Kimaiyo,

Natumaini jua la huko limekuachia ngozi kidogo. Sisi tuko vizuri, tena vizuri sana. Mvua ilikuja ikatusamehe. Chelel ananenepa hata naona haya kumkamua. Sally uliyesoma naye ameolewa Bomet, nami nilikula wali mpaka nikafunguliwa mshipi na wasichana.

Mkataba umetiwa sahihi. Tingatinga limekuja, nasi tulisimama kulitazama kama watoto. Ukiamka asubuhi unaona kilima kinatoka moshi mweupe, na wakati wa chai kila kitu ndani ya nyumba kina unga, lakini ni unga wa pesa, hatulalamiki. Malipo ya kwanza yalikuja, tukaezeka dipu upya, tukanunua dawa mjini Nakuru kwa Bhanu bila kuomba kukopeshwa. Bhanu mwenyewe alitoka nyuma ya kaunta akanipa soda. Nilitamani baba yako awepo.

Ada tumeifuta. Alhamisi ya kwanza bila ada nilikaa kitini nikifuma sweta huku ng'ombe wakijitosa. Hakuna aliyenidai kitu. Amani niliyokuwa nikiiota nimeipata.

Kikao cha mwezi uliopita walikuja watu sita. Nasimiyu alikuwa amepika chai ya watu wote, ikabaki karibu birika zima, tukawapa ndama maana sukari ni ghali kumwaga. Wengine wanasema waje kufanya nini, mambo si yanajiendesha? Vijana nao wameacha mashamba ya viazi wanashinda geti la kampuni wakingoja kuitwa. Wanaoitwa ni wachache. Na kuna mazungumzo mapya hapa, nani babu yake alifika Tulwet kwanza na nani alikuja kuchelewa. Sijui yametoka wapi. Zamani hakuna aliyemwuliza jirani yake babu yake alitoka wapi, labda kwa kuwa kilima hakikuwa na bei. Lakini maneno ni maneno, yatapita.

Hukunijibu unarudi lini. Nimeliona hilo.

Chesang


Juba
9 Septemba 2007

Senge wangu,

Nakusalimu kutoka kwenye matope. Malaria ilinishika ikaniachia, usiogope. Mpe Sally pongezi zangu, na huyo mume wake avumilie.

Barua yako ya Julai uliiandika kwa furaha, na mimi nilitaka kufurahi nawe. Lakini ile chai iliyobaki imeninyima raha. Sikumbuki chai kubaki kwenye kikao cha dipu hata siku moja.

Nimekuwa nikiziwaza zile Alhamisi. Tulikuwa tunashuka na ng'ombe miguu imelowa umande, na harufu ya dawa inatufikia kabla hatujaiona dipu. Ng'ombe wanajitosa mmoja mmoja macho yamewatoka, wanaibukia upande wa pili wakitiririka, na sisi watoto tunakimbia tusirushiwe maji. Baba amesimama ukingoni, fimbo mkono huu, sarafu zake mkono ule, na zile sarafu hazitoki mpaka aone dawa ikichanganywa. Ataichungulia. Ataisogelea ainuse. Atasema imezimuliwa. Siku moja yeye na wenzake walimfuata Bhanu dukani wakampakia kwenye pikapu yake mwenyewe, wakamleta Tulwet aje ajibu mbele ya watu kwa nini kupe hawafi. Bhanu alijibu, na dawa ya mara iliyofuata ilikuwa kali hata ng'ombe walipiga chafya. Wakati ule nilimwonea baba aibu. Leo nautamani ule ubishi kuliko nyama choma.

Naukumbuka kwa sababu hapa hakuna anayebisha. Nina jirani, Mzee Ladu. Kabla ya vita alikuwa mkulima wa mtama na karanga, na ukimwacha aongee juu ya karanga zake hamtalala. Sasa kila asubuhi anavaa suti ya marehemu kaka yake, anakwenda kukaa nje ya wizara moja kumngoja mpwa wake ampe kazi. Kazi yoyote, hata ya kubeba chai. Nilimwuliza kwa nini asirudi shambani. Akasema karanga zake zikifika sokoni zitakuta za Uganda zimeshauzwa, kwa bei ambayo yeye haimlipi hata jembe. Sitaki kuwa mwongo, Senge, vita ndivyo vilivyoua mashamba ya huku, si mafuta. Lakini vita vimekwisha na mashamba bado yamelala, na suti ni nyingi mno nje ya ile wizara.

Juzi daraja dogo la mtaani kwetu lilivunjika. Wiki zimepita, watu wanavuka na viatu mkononi. Nikamwambia Ladu, "Mzee, si mwende mkawaulize wakubwa?"

Akacheka sana. "Nikawaulize kama nani? Mimi nimewapa nini?"

Nilirudi kwenye jenereta yangu nikashindwa kufanya kazi. Wakubwa wa hapa wanapata pesa zao ardhini. Hawahitaji mfuko wa Ladu, ndiyo maana hawahitaji kumsikiliza. Na Ladu hajatoa kitu, kwa hivyo haoni kama ana haki ya kuuliza. Mafuta ghafi yanakwenda baharini kwa bomba, sisi tunapanga foleni ya dizeli, na hiyo dizeli imetoka Mombasa kwa lori. Imepita hapo Salgaa, Senge, chini ya miguu yako. Hakuna anayeuliza.

Nakuomba rudisha ada. Pesa za udongo zikiwepo, ziwepo, lakini kila mtu atoe hata shilingi chache kwa ng'ombe. Waache wabishe. Waache wakutukane. Walipokuwa wakikuuliza juu ya gauni ndipo dawa ilipokuwa kali.

Natumaini Jonah ataifikisha hii upesi.

Kimaiyo


Tulwet
24 Februari 2008

Kimaiyo,

Barua yako ya Septemba imefika wiki hii. Jonah alikuwa amehamishiwa njia ya Kigali akabaki nayo kwenye gari, halafu barabara zikafungwa. Karatasi imegeuka rangi kwa jua, lakini nimeisoma yote.

Mimi ni mzima na nyumba imesimama. Mambo ya Januari, baada ya ule uchaguzi, sitayaandika. Uliponipigia simu nilikuambia tuko hai, na mpaka leo sina zaidi ya hilo.

Nasimiyu ameondoka. Yuko Nakuru, kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho, yeye na watoto. Kabla ya kuondoka alipita kwangu akinikokotea mtamba wake mwenye mimba, akanitia kamba mkononi. Kati ya wale waliomfukuza, wawili niliwapokea mimi siku walipozaliwa, mama zao wakiwa wameshika mkono wangu. Na maneno waliyomwambia si mageni. Tuliyasikia waziwazi kwenye kikao cha Agosti, walipokuwa wakigombana ni nani mwenyeji wa kulamba pesa za udongo na nani mgeni. Siku hiyo tulikuwa watu wachache mno wa kuwanyamazisha. Siku za ada kungekuwa na Tulwet nzima.

Kampuni imeondoa mashine zake. Wanasema watarudi hali ikitulia. Kilima kina shimo ambalo likijaa maji ya mvua litakuwa bwawa.

Huyo mtamba wa Nasimiyu namwogesha kwa ndoo na sifongo, namtoa kupe mmoja mmoja masikioni. Ananipiga mateke. Namwacha anipige.

Chesang


Juba
30 Machi 2008

Senge,

Nashukuru Mungu kwa mkono wako niliouona kwenye karatasi. Mimi mzima. Januari yote tulikuwa tumeizunguka redio moja hapa, Wakenya wa kila kabila, na hakuna aliyetaka kukaa karibu na mwenzake wala kukaa mbali. Nami sitaandika zaidi.

Nimempa Jonah sabuni na sukari umpelekee Nasimiyu, kama njia ya kwenda mjini iko salama kwako. Mwambie zimetoka kwangu.

Sasa niambie. Unamwogesha mtamba kwa ndoo kwa nini? Dipu iko wapi? Mliiezeka juzi tu. Na Chelel? Tangu niende shule ya bweni sijapata barua yako isiyo na Chelel. Hii haina.

Nijibu hata kama ni kwa mstari mmoja.

Kimaiyo


Tulwet
15 Juni 2008

Kimaiyo wangu,

Baridi imeingia, nimevaa lile koti la baba yako linalonifika magotini. Sabuni na sukari nilimpelekea Nasimiyu mwenyewe. Tulikaa nje ya hema lake tukanywa chai. Aliuliza juu ya mtamba, nikamwambia mimba imekuwa kubwa.

Chelel alikufa Desemba. Ilikuwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Tezi zilivimba chini ya masikio, akaacha kula, akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na siku ya tatu akalala akielekea zizini. Nilikuwa nimempikia uji. Uliniuliza habari zake kwa sababu unamjua, kwa hivyo jua na hili, kwamba nililia kuliko nilivyolia kwenye mazishi mengine ya watu. Mama yake ndiye aliyekunyonyesha wewe mama yako alipougua.

Dipu ilikauka tangu Oktoba. Na hapa kuna jambo nililolificha, kwa kuwa lilinichoma. Uliponiandikia nirudishe ada, mimi sikuwa tena mwenyekiti. Waliniondoa kwenye kile kikao cha Agosti, Nasimiyu naye pamoja nami. Miaka yote kiti kile hakuna aliyekitaka, hata nikiwasihi. Baada ya udongo kuanza kulipa kilipata wagombea watano, na aliyeshinda hana hata mbuzi. Kamati ikajaa watu wa aina hiyo. Pesa zilikuwa zikija kila mwezi, dawa haikununuliwa, na hakuna aliyekwenda kuuliza, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametoa chake. Ladu wako ana ndugu wengi huku Tulwet.

Sasa pesa zimekatika na wale wenye kiti wameshuka wenyewe, mmoja yuko Mai Mahiu anauza kabeji kwa malori. Mimi nazunguka nyumba kwa nyumba nikiomba turudishe ada. Unajua wananiambia nini? "Mathe, si tungoje kampuni irudi?" Watu waliokuwa wakichimba mitaro ya maji kwa mikono yao, Kimaiyo. Waliojenga dipu ile kwa kubeba mawe kutoka mtoni, baba yako akiimba na sauti yake mbaya. Nilikuwa na wasichana wenzangu tukibeba maji ya saruji kichwani, na jioni tukila mahindi ya kuchoma tumekaa juu ya ukuta ambao haujakauka. Alama za vidole vyetu ziko pale mpaka leo. Sasa wanangoja.

Mwenye kunisikiliza ni mmoja au wawili. Bila dipu, ng'ombe wa Tulwet hawafiki mwaka mwingine, na bila ng'ombe sijui tutaitwa watu gani.

Nawe unajificha kama mimi. Nimekuuliza unarudi lini, na kila mara unanijibu habari za viazi.

Senge Chesang


Juba
3 Agosti 2008

Senge wangu,

Pole. Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu sikujua niweke wapi habari ya Chelel. Nilimwambia Mzee Ladu, akavua kofia. Yeye alikuwa na ng'ombe pia.

Nitakujibu leo, bila viazi. Mshahara wangu umekuwa ukichelewa, lakini hilo silo linalonizuia. Nikifikiria kurudi naona kaburi la baba, zizi lisilo na kitu chake hata kimoja, na shimo kwenye kilima lenye sahihi yangu. Najiuliza, nirudi kwenye nini? Huku angalau nikiwa mgeni najulikana kuwa mgeni. Nilikuwa nikiogopa kukuandikia hivi kwa sababu najua utasema wewe upo. Najua upo. Lakini mwanamume anayerudi nyumbani bila hata mkia wa ng'ombe wa kushika, atasimama upande gani wa dipu?

Basi nimefanya hivi. Ndani ya bahasha kuna ada ya mwaka mzima ya ng'ombe mmoja. Najua sina ng'ombe. Iandike hivyo hivyo, jina langu, Tulwet. Sitaki hisani, na usiitumie kununua sukari. Nataka kikao kikiitishwa niwe na haki ya kuuliza dawa iko wapi. Nimekaa kwenye nchi ya watu wasioulizwa na wasiouliza, nami nimeanza kuzoea. Juzi daraja lile lilitengenezwa, na nikajikuta nikisema asante kama niliyepewa zawadi. Hapo niliogopa.

Waonyeshe hiyo pesa wale wanaongoja kampuni. Waambie mtu aliye mbali ameshatoa.

Kimaiyo


Tulwet
16 Novemba 2008

Kimaiyo, mwana wa ndugu yangu,

Mvua za vuli zimetujaza nyasi mpaka kiunoni. Mtamba wa Nasimiyu, ambaye sasa ni ng'ombe kamili, alizaa Julai mwishoni, na ni jike. Nasimiyu mwenyewe amerudi tangu Septemba. Nyumba yake haina paa, analala kwangu na watoto, na wote wanakoroma. Wapo wanaomsalimu, wapo wanaovuka barabara wakimwona. Yeye anawasalimu wote kwa majina, tena kwa sauti.

Nilifanya ulivyosema. Pesa yako nilitembea nayo nyumba kwa nyumba nikiiweka mezani bila kusema mengi. Sijui ni aibu, sijui ni kupe waliokwisha kuwafikia watoto wa ng'ombe wao, lakini walianza kuchangia. Jumamosi iliyopita tulifanya kikao. Kimaiyo, walikuja wote. Tulikosa viti, watu wakakaa kwenye mawe ya dipu. Mimi nimerudishwa uenyekiti, kwa sababu sasa hauna pesa na hakuna anayeutaka. Nasimiyu akarudishiwa hazina, na aliyekuwa na neno juu ya babu zake aliulizwa na Tulwet nzima kama anajua kutunza senti za watu, akakaa.

Kisha yakaanza. Walinitukana tangu asubuhi mpaka jua likazama. Kwa nini dawa inunuliwe Nakuru na si Rongai? Nani atashika ufunguo? Mbona ng'ombe wa mwenyekiti ndio watakaotangulia? Walinisimamisha na kunikalisha. Mmoja alisema mimi ni mzee nimepoteza hesabu, nami nikamrudishia yake. Na wakati wote huo moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa msichana. Ilibidi niinamishe kichwa nijifanye natafuta miwani, ili wasione nalia.

Lilipofika jina lako, Weldon, mtoto wa mwalimu, alisimama akalipinga. Alisema, "Mathe, huyu hana ng'ombe. Tukiruhusu mtu bila ng'ombe alipe ada, kesho atakuja tajiri kutoka Nairobi alipie mia, atuamulie mambo yetu." Naye anasema kweli. Watu wakaanza kusema pesa yako irudishwe.

Nasimiyu akainuka na mkoba wa hazina kwapani. Alisema, "Chesang amekaa na ng'ombe wangu tangu Januari. Kwa desturi ya Tulwet, ambayo ni yenu na si yangu, ndama wa kwanza ni wa boma lililomtunza mama yake. Mmeisahau? Au hiyo nayo mliikodisha pamoja na kilima?"

Walitazama viatu vyao, hasa wale waliomfukuza, ambao mimi nawajua na wewe hutawajua. Mwishowe Weldon mwenyewe ndiye aliyeuliza, boma ni la nani? Nikasema ng'ombe alikaa kwangu, lakini zizi nililomfungia ni la ndugu yangu, maana langu lilianguka. Basi ndama ni wako. Ameandikwa. Nasimiyu ndiye aliyemchagulia jina, lakini hakuniruhusu nikutajie kwa barua.

Usifikiri ulipona hapo. Walipomaliza kukupa haki walianza kukudai. Sheria ya dipu, aliyoiweka baba yako, inasema mwenye ng'ombe amlete mwenyewe na kumsukuma kwa mkono wake, asitume mtu. Nilikuombea muda. Nikasema uko mbali, barabara ni mbovu, mshahara umechelewa. Walipiga kelele mpaka nikanyamaza. Wakakupa mpaka Alhamisi ya kwanza ya mwaka mpya.

Kwa hivyo mimi sikuulizi tena unarudi lini. Sasa unaulizwa na kikao, na wote wamelipa ada.

Chesang,
mwenyekiti